Zilizala Imepandishwa Lori

Jumamosi, baada ya Alasiri. Mvua imenyesha asubuhi ikaacha tope uwanja mzima, kisha jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari. Moyo mwepesi.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye pembea ya watoto, simu mkononi. Mbele yangu pana mraba wa saruji mkavu katikati ya tope. Mvua ilipokuwa ikinyesha Zilizala ilikuwa bado imekaa hapo. Adhuhuri ikapandishwa lori, ikaondoka, na mraba ndio uliobaki. Kuku wa jirani wameshauona na wameuhamia.

Nilidhani leo ningelia. Badala yake nimekula viazi vya karai vya Mama Khadija, anayekaanga hapa getini, mpaka nikashikwa na kwikwi.

Nimefurahi. Wacha niandike tena nione kama ni kweli: nimefurahi.

Kwa msiowahi kufika Mtopanga, Zilizala ni chumba cha bati nene kinachosimama juu ya miguu minne ya chuma, na miguu hiyo hupanda na kushuka kwa nguvu za mafuta. Ndani mna viti, mikanda na skrini. Unakaa, unafungwa, mlango unafungwa, filamu inaanza, na chumba kizima kinainama na kunyanyuka na kutikisika kuifuata filamu, mpaka tumbo lako liamini kwamba unasafiri. Ukimaliza unashuka palepale ulipopandia, karibu na karai la Mama Khadija.

Mwenyewe ni Mjomba Athmani, ndugu wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Maisha yake yote Mjomba alifanya kazi ya kutoa mizigo ya watu bandarini, na mwaka aliostaafu akakiona hiki chumba kwenye mnada wa mizigo iliyokosa wenyewe. Alikuwa na kiwanja hiki kando ya nyumba yetu, chenye pembea na jumba la hewa la watoto kurukia. Akakileta, akakipaka rangi ya buluu, akaandika ubavuni kwa mkono wake: SAFARI YA MWEZINI. Kundi la kwanza la watoto lilitoka likipiga kelele "zilizala, zilizala", na tetemeko hilo likawa ndilo jina lake. Maandishi ya Mjomba yakabaki ukutani, hayasomwi na mtu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza mafunzo yangu ya ualimu wa chekechea kule Changamwe na nilikuwa nikitafuta kazi. Mjomba aliniomba nimsaidie msimu mmoja tu wa Idi. Msimu huo mmoja haujawahi kwisha mpaka juzi.

Lakini Idi ile ya kwanza, jamani. Foleni ilitoka getini ikazunguka ukuta. Wasichana na hina zao, wavulana na kanzu zilizopigwa pasi zikasimama wima, kila mmoja na pesa zake za mkono wa Idi zimeloa jasho kiganjani. Watu walivuka feri kutoka Likoni waje kupanda. Viti vilipata alama nyekundu za mabuyu ambazo hazikutoka kwa sabuni yoyote, na leo vimeondoka nazo.

Siku hiyohiyo tukaharibu viatu vya watu. Mjomba alikuwa ametandika zulia ndani, zulia zuri, na mtu wa kwetu akiona zulia havuki mlango na viatu. Wakavivua wote, wakavipanga vizuri chini ya ngazi, vya Idi, vipya. Zilizala ikanyanyuka, ikainama, ikashuka juu ya viatu. Fundi Mutua, aliyekuwa amekuja kutufungia mashine na akabaki nasi, aliona tangu mwanzo na hakujua aseme nini. Yeye ni mtu wa bara, wa Machakos, na alidhani labda hivyo ndivyo tunavyofanya. Baada ya hapo tukapigilia rafu ya viatu ukutani.

Na siku hiyohiyo ilianza dua. Bibi mmoja wa Likoni alikaa kiti cha mbele na wajukuu zake, akafungwa mkanda juu ya buibui, kisha akazuia mlango kwa mkono.

"Mwanangu, chombo hiki chenda wapi?"

"Chenda mwezini, bibi."

"Nawe hukusoma dua?"

Ningemwambia kwamba hakiendi popote, lakini alikuwa ameshanitolea macho. Nikachukua kipaza sauti nikasoma dua ya safari, yote, na ndani wakaitikia amina. Kundi lililofuata lilikuwa limesikia likiwa nje, likaidai na lenyewe. Kufikia jioni ilikuwa sheria. Hata watoto wa Kikristo waliokuja na shule zao waliitikia, na Mutua, ambaye Jumapili hakosi kanisani, hakubonyeza swichi mpaka asikie amina. Wakija wageni na kushangaa, yeye ndiye aliyewaeleza kwa nini.

Nilipenda kazi ile mwanzoni. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu siku za mwisho nilikuwa nimelisahau.

Halafu biashara ikaanza kushuka. Haikushuka siku moja. Filamu zilikuwa tatu, treni ya mgodini inayopita kwenye theluji, roketi ya mwezini, na bonde la dinosaria, na Mtopanga nzima ikawa inajua dinosaria anatokea wapi. Watoto walipiga kelele kabla hajatoka, wakatulia alipotoka. Skrini ikafifia. Mguu wa nyuma wa kushoto ukawa mzito, ukichelewa wenzake, kwa hiyo kila safari ya mwezini tulikwenda tumeegemea upande na, kwa hesabu zangu, mwezi tuliukosa. Mutua alifungua, akafunga, akabadilisha mipira, akafungua tena. Idi iliyopita foleni ilikuwa ya jumba la hewa. Ndani ya Zilizala nilimwona binti mmoja akiangalia simu yake roketi ikiwa angani, mkanda umefungwa, hana habari.

Hapo ningeweza kusema basi. Sikusema, kwa sababu ya Mjomba.

Kila asubuhi baada ya chai, kabla ya geti kufunguliwa, Mjomba alikuwa akipanda safari ya kwanza peke yake. Anavaa kofia yake sawasawa, anakaa kiti cha mbele, anafungwa mkanda. Mimi nasimama mlangoni na kusoma dua, Mutua anawasha. Akishuka hunishika bega, akasema, "Alhamdulillahi, bado imara," kisha huenda zake nyuma ya choo na kukaa huko kitambo. Nilidhani anavuta uradi wake, dhikri zake za asubuhi. Nilimtazama, mjane asiyekuwa na mtoto wa kumzaa, amepata kitu cha kumfurahisha uzeeni, nikajiambia sitakuwa mimi wa kumnyang'anya.

Huo ndio muhali, na wasio wa pwani huniuliza ni nini. Huwajibu kwamba ni kumwona mtu uso, ukashindwa kumwambia hapana. Sisi tunaweza kukaa ndani ya muhali miaka, tukapika humo na kulala humo.

Basi shule zilipofunga mara ya mwisho alikuja mama mmoja na watoto wake, Mwalimu Grace, mwenye shule ndogo ya chekechea huko Miritini. Watoto wake hawakuijali sana Zilizala. Yeye alinitazama mimi, nikiwapanga watoto wa watu, nikiwavua viatu, nikimnyamazisha mmoja aliyeogopa giza. Akaniuliza nilisomea wapi, kisha akaniambia ana darasa linalokosa mwalimu na ataningoja mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo hawezi.

Nikamwambia inshallah.

"Hiyo inshallah yako," akaniuliza, "ni ndiyo ama ni hapana?"

Nikainama kuwafunga watoto wake viatu. Nililitaka darasa lile kiasi kwamba usiku nilikuwa nalipanga, mikeka huku, rangi kule, wenye kulia karibu na dirisha. Asubuhi naamka, namsikia Mjomba akitafuta kofia yake, nanywea.

Nilijaribu, wallahi. Siku moja nikapika mkate wa sinia ili nimlainishe, nikamkatia kipande kikubwa, nikakaa mbele yake, nikafungua kinywa. Maneno yaliyotoka yalikuwa, "Mjomba, chai imekolea?" Siku nyingine akaniita yeye.

"Zuhura."

"Abee, Mjomba."

Akanitazama, akaangalia ukuta, akasema, "Hapana, basi tu." Nikashukuru kwamba ni basi tu, nikakimbilia jikoni.

Mtu pekee niliyemwambia alikuwa Mutua. Nilimwambia kwa kirefu na zaidi ya mara moja, huku nikimpakulia chakula, maana mchana hula kwetu. Yeye alikuwa akitafuna polepole na kuangalia sahani. Nilidhani ananihurumia.

Mwezi ukawa unakatika.

Jumatatu wiki hii Mutua alitangaza kwamba ule mguu umepona. Akataka kuujaribu kwa uzito, akasema tuingie wote wawili, mimi na Mjomba, mmoja kila upande. Sikuwa nimepanda kwa muda mrefu sana. Tukakaa, tukafungwa, nikasoma dua kutoka kitini, mlango ukafungwa. Roketi ikaanza kuhesabu, chumba kikainua pua juu, juu, juu zaidi, tukawa tumelalia migongo na miguu imeelekea dari.

Skrini ikazimika. Kila kitu kikanyamaza, nasi tukabaki hukohuko juu.

"Fundi!" nikaita.

"Stima zimepotea," sauti ya Mutua ikaja kutoka nje, nyembamba. "Ngojeni kidogo."

Ndani mlikuwa na giza na joto, na harufu ya mafuta. Kofia ya Mjomba ilikuwa imeanguka nyuma na nilimsikia akiipapasa. Kisha nikasikia pumzi yake si ya kawaida, fupifupi, na nikaogopa kweli.

"Mjomba, wajisikiaje?"

"Zuhura."

"Abee."

"Ntakwambia neno, usinikasirikie."

Nikasema sitakasirika.

"Hiki kidude chanitapisha."

Nilidhani anasema wakati ule, kwa vile tulivyolala. Nikamwambia avumilie, Mutua yuko mbioni.

"Si leo," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi. Nikishuka naenda nyuma ya choo, nakaa mpaka dunia itulie."

Nyuma ya choo. Uradi wake.

"Sasa mbona wapanda, Mjomba?"

"Nakuona wewe umesimama pale mlangoni na kipaza sauti, umeningoja. Uliacha ualimu wako kwa ajili yangu. Nikisema sipandi, utaona kazi yako haina maana. Nikakuonea muhali." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, yakatoka yote. Kuna mtu wa Voi anayeitaka mashine, anampigia simu tangu mvua za kwanza, naye humwambia ngoja kwanza, ngoja kwanza. "Nikiuza, nilijiuliza, huyu mtoto atafanya nini? Atakaa nyumbani anitazame?"

Nilianza kucheka. Ukicheka umelala miguu juu, mkanda umekubana tumbo, kicheko hakina pa kwenda, kinageuka. Nikajikuta nalia, machozi yanaingia masikioni, na Mjomba upande wa pili anauliza, "Nini? Nini tena?" Nikamwambia. Mwalimu Grace, darasa, mwisho wa mwezi, mkate wa sinia, yote.

"Miritini?" akauliza.

"Miritini."

"Nao wakungoja?"

"Mpaka Ijumaa. Ukinipa ruhusa."

"Ruhusa gani ntampa mtu nami miguu iko juu kitwa kiko chini?" Hapo sauti yake ikabadilika, nikajua anatabasamu. "Nenda, mwanangu. Nenda na radhi zangu. Lakini kwanza mwambie Mutua atushushe, maana sasa natapika kweli."

Sikuhitaji kumwambia. Tulisikia mafuta yakitoa sauti ya kupumua, na Zilizala ikashuka taratibu, sawasawa, miguu yote minne pamoja. Haijawahi kushuka vizuri namna ile.

Nilipofungua mlango, kitu cha kwanza nilichokisikia ni friji ya soda ya dukani ikinguruma, na redio ya kinyozi. Stima zilikuwepo. Nikamtazama Mutua. Yeye akatazama spana yake.

"Hazikupotea," akasema. "Mimi ndio nilizima. Mzee ananiambia yake, wewe unaniambia yako, mimi niko hapo katikati nakula chakula yenu na haishuki. Nimechoka, bwana. Nilitaka msikizane."

Nilimkaripia, na nilikuwa na haki, maana Mjomba si kijana wa kuning'inizwa. Mutua alikubali kila neno, akaomba radhi kwa Mjomba akiwa ameinamisha kichwa. Mjomba alikuwa ameketi kwenye ngazi, rangi imemtoka, kofia mkononi. Akaomba maji ya ndimu. Akanywa yote, akashusha pumzi, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sijakisikia hapa nyumbani tangu marehemu mkewe yuko hai. Akamwambia Mutua, "Lau ungetutundika mwaka jana."

Jioni ile nilimpigia Mwalimu Grace. Nilimwambia ndiyo, neno hilo tu, na inshallah nikaiweka mwisho mahali pake. Alicheka.

Tangu Jumatatu Mjomba hajapanda. Anakunywa chai yake na mahamri, anachukua kipande cha pili, anakaa kibarazani kama watu wengine. Nimemtazama asubuhi zote na nimejisikia vibaya kidogo, kwa asubuhi zote zile alizokwenda nyuma ya choo kwa ajili yangu. Lakini kidogo tu. Hata yeye amekataa nisikitike, anasema tuko sare.

Huyo mtu wa Voi alikuja jana. Tulimwambia yote, mguu wa kushoto usioaminika hata ukipona, skrini, mwezi unaokosekana, alama za mabuyu. Mjomba alisisitiza sana mguu mpaka nikadhani atamfukuza mnunuzi. Yule bwana akasema kwao hakuna aliyewahi kumwona dinosaria, hata wa kuegemea upande. Mutua atakwenda naye wiki mbili akaifunge na kuwafundisha vijana wake, kisha atarudi kutazama pembea na jumba la hewa. Amenihakikishia kwamba atawaeleza kuhusu viatu.

Leo winchi iliinyanyua Zilizala mara moja tu, bila kutikisika. Watoto wa mtaa walisimama ukutani wakitazama. Wengine niliwahi kuwafunga mikanda wakiwa wadogo, sasa wana ndevu mbilimbili na walikuwa wakijifanya hawaoni. Mama Khadija alijipangusa macho kwa leso yake, akasema ni moshi wa karai. Dereva akakaza kamba, akapanda, akawasha gari. Mutua alikuwa nyuma, ameshikilia mguu wa kushoto kana kwamba ungechelewa tena.

Mjomba akanyanyua mkono. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Zuhura."

"Abee."

"Miaka yote waisomea na haiendi," akasema. "Leo yaenda, nawe wanyamaza?"

Kipaza sauti kilikuwa kimeshafungwa ndani ya boksi, juu ya lori. Nikasoma hivihivi kwa mdomo, nimesimama kwenye tope, na sauti ilinitetemeka mahali pawili. Watoto wa ukutani waliitikia amina kwa pamoja, hata wenye ndevu. Mutua akaitikia mwisho, kwa nguvu, kama kawaida yake. Ndipo dereva akaachia breki.

Njia yao ni ya Miritini, ndipo washike barabara ya Voi. Jumatatu asubuhi na mimi napita hukohuko. Nguo nimeshazipiga pasi. Mjomba amesema atanisindikiza mpaka stejini na kofia yake, na kwamba safari hii dua atasoma yeye.

Mimi nitaitikia tu amina.